Sindano Sitini na Blanketi Moja

Ukiambiwa leo kwamba una kifua kikuu na utachomwa sindano kila siku kwa miezi miwili, usihesabu zilizobaki. Hesabu ulizokwisha kuchomwa. Mimi nilihesabu zilizobaki kwa sababu hesabu ndiyo kazi yangu, na nikajitesa bure.

Wiki iliyopita nilikutana na dada mmoja kwenye benchi la hospitali, amekumbatia kikopo chake cha makohozi kama vile kitamponyoka. Nilipomwambia kwamba nami niliwahi kukishika kikopo hicho, alinitazama mashavu, akanitazama mikono iliyonenepa, akasema, "Dada, usinidanganye." Sikumdanganya. Nimeandika haya kwa ajili yake, na kwa wengine wanaokaa kwenye mabenchi kama lile.

Wakati ule nilikuwa mhadhiri msaidizi wa uchumi chuo kikuu, Dar es Salaam. Fani niliyoichagua ilikuwa uchumi wa afya, jina ambalo hata wenzangu idarani walilicheka. "Kwani homa nayo ina soko?" waliniuliza. Niliwaacha wacheke. Nchi ilikuwa imeamua kujenga zahanati vijijini badala ya kurundika kila kitu kwenye hospitali za mijini, na mimi nilitaka kujua jambo moja tu: zahanati ikishajengwa, nani haendi, na kwa nini? Nikatunga dodoso, nikalipeleka mkoani kwetu Mara. Mimi ni Mnata, nimezaliwa upande wa Serengeti, na nimeolewa na Marwa, Mkurya wa Tarime. Nilijiona mwenyeji wa pande zote mbili. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Nilizunguka vijiji vipya mwezi baada ya mwezi, Susuni, Kemambo, hadi vijiji vya karibu na Nyamwaga, nikihoji watu ambao nyumba zao bado zilinukia udongo mbichi. Dodoso lilikuwa na swali la sababu za kuacha tiba, na chini yake nafasi tatu za kuweka alama: umbali, upungufu wa dawa, uzembe. Nilizitunga mwenyewe nikiwa Dar, nimekaa kwenye kiti, na nilizipenda sana.

Kikohozi kilianzia Susuni. Nilisema ni vumbi. Kemambo nilianza kuamka shuka limelowa jasho, nikasema ni joto, ingawa kule milimani watu walikuwa wanaota moto. Kanga iliyokuwa ikinizunguka mara moja na nusu ikawa inanizunguka mara mbili na kubaki. Siku nilipotema damu nilikuwa katikati ya mahojiano, na mama niliyekuwa namhoji alininyang'anya kalamu, akasema, "Sasa nikuulize mimi. Hospitali utakwenda lini?"

Benchi la kusubiri majibu lilikuwa refu, limeng'arishwa na makalio ya watu. Hakuna aliyemsogelea mwenzake. Kila mtu alijifanya ameleta mgonjwa, si yeye anayeumwa. Daktari, kijana mwenye miwani, hakuzunguka. "Ni TB. Inapona. Lakini ukiruka sindano, vijidudu vitaizoea dawa na haitafanya kazi tena. Hapo sitakuwa na la kukusaidia." Kisha akauliza kama nina mtoto. Nilikuwa na Nyangi, wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, bado ananyonya, niliyezunguka naye vijijini. Akasema nimwachishe siku hiyo hiyo na nisilale naye mpaka makohozi yawe safi. Nililia pale pale mbele yake, kwa sauti, wala sikuona haya.

Nililazwa wiki tatu, Nyangi akiwa kwa mama yake Marwa. Sindano ishirini na moja. Kila baada ya sindano midomo ilikufa ganzi na masikio yakaanza kulia kama nyenje wa mvua za kwanza. Vitanda vilipojaa, daktari akaniandikia kadi, akasema zilizobaki nitachomwa kwenye zahanati ya kijiji. Marwa alikuwa kazini Dar. Aliandika barua kwamba niende nyumbani kwao, mama yake atanitunza na Nyangi atakuwa karibu yangu. Nikaenda. Masika ilikuwa imeanza, na migomba ya mama mkwe ilikuwa imekolea kijani.

Mama mkwe wangu, Wankuru, alinipa chumba cha peke yangu chenye dirisha, akanitengea bakuli, kijiko na kikombe. Vilikuwa vyombo vyake vizuri kuliko vyote. Nyangi alilala naye nyumba ya pili. Asubuhi alimleta mpaka uani, amsimamishe mbali nami, tupungiane mikono. Mtoto alipolia kunitaka, nilirudi ndani nikauma shuka. Kama unapitia hapo sasa, nakwambia wazi kwamba hakuna sindano iliyoniuma kama hiyo.

Zahanati ya kijiji ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Kwa hesabu zangu za kitaalamu, mtu mwenye bahati kama mimi hakuwa na sababu yoyote ya kukosa tiba. Mganga alikuwa Mzee Mwita, mtu mzima, mpole, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi. Siku ya kwanza niliinama nikamsalimia shikamoo. Alipokea kadi yangu, akasoma jina, akauliza akitazama karatasi, "Marwa huyu ni wa nani?"

"Wa Mzee Chacha, marehemu."

Aliinuka, akaingia chumba cha dawa, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alisimama amenipa ubavu. "Sindano hakuna. Dawa haijafika."

Kesho yake jiko halikuwa na mafuta ya taa ya kuchemshia bomba la sindano. Keshokutwa yake alikuwa ameitwa kwenye mkutano wa kijiji. Siku ya nne, dawa haijafika tena. Mimi, mtaalamu, nilirudi nyumbani nikatoa daftari nikaandika: upungufu wa dawa, upungufu wa mafuta ya taa, usimamizi hafifu. Nilifurahi hata, Mungu anisamehe, kwa kuwa mambo yalikuwa yanakubaliana na rasimu ya ripoti yangu.

Siku ya tano homa ilirudi. Nilikumbuka maneno ya daktari. Nikaamua kutembea hadi zahanati ya kijiji cha mbali, mwendo wa saa mbili kwa mtu mzima wa afya. Sikufika. Nilianguka kwenye matope kando ya shamba la mahindi, na kina mama waliokuwa wanapalilia wakanirudisha wakiwa wamenishika makwapa.

Siku ya sita nilikwenda zahanati nikiwa na hasira ya mtu asiyetaka kufa. Benchi lilikuwa limejaa. Mzee Mwita aliponiona tu akasema, "Dawa haija..." na mimi nikampita, nikaingia chumba cha dawa, nikafungua kabati. Chupa zilikuwa zimepangwa, zimefunikwa kitambaa safi, na moja ilikuwa imewekewa karatasi yenye jina langu.

Sijui nilisema nini na nini. Najua nilipiga kelele. Nilimwita mwongo. Nilimwita muuaji. Nilimwambia kwamba serikali imemwamini na yeye anaficha dawa za wananchi. Nilimwambia anichome saa hiyo hiyo, na nikaanza kufungua kanga palepale, mbele yake.

Mzee wa watu alijifunika uso kwa mikono yote miwili, akageukia ukuta. Benchi zima likasema "Aaa!" kwa pamoja. Bibi mmoja akatoka nje akitembea kinyumenyume. Na Mzee Mwita, paji la uso limegusa chokaa, akasema kwa sauti ndogo, "Mtoeni. Jamani, mtoeni."

Habari ilinitangulia nyumbani. Shemeji yangu Chacha, mdogo wake Marwa aliyepewa jina la marehemu baba yao, alikuwa amesimama uani, ananisubiri.

"Mama, huyu mwanamke wa Kinata arudishwe kwao," alisema, akimwelekea mama yake. "Ametuvua nguo ukoo mzima."

"Nyamaza, mura," mama mkwe alimwambia kijana wake. "Aliyetaka kuvua nguo ni yeye, si wewe." Kisha akaniketisha, akacheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yale yakaendelea hata kicheko kilipokwisha.

"Mama Nyangi," akaniambia, "unajua umemkemea nani?"

"Mganga anayeficha dawa."

"Umemkemea baba mkwe wako."

Nikamwambia baba mkwe wangu alifariki kabla sijaolewa. Akatikisa kichwa. "Mwita na mume wangu walitahiriwa msimu mmoja. Rika moja, damu moja ilidondoka siku moja. Kwa hiyo Mwita ni baba yake Marwa kama alivyokuwa marehemu. Wewe ni mke wa mwanawe. Hamwezi kukaa mkeka mmoja. Hawezi kukutazama usoni. Na wewe unataka akutazame kalio?"

Nilijua kwamba Wakurya wana heshima kali ya ukwe, ile wanayoiita insoni. Niliijua kwa jinsi mtu anavyojua jambo alilosoma. Nilidhani kwa kuwa baba mkwe hayupo, mimi nimesamehewa. Sikujua kwamba baba mkwe anaweza kuwa kila mwanamume wa rika lake, pamoja na yule mwenye sindano.

"Sasa kwa nini hakusema?" niliuliza.

"Aseme vipi? Kulisema tu ni aibu. Kusema dawa hakuna ni adabu."

Nilikuwa nimeokoka kwenye hasira nikaingia kwenye hofu. Sindano thelathini na tisa zilikuwa mbele yangu, mtu wa kuzichoma alikuwa mmoja tu, na mtu huyo angeona heri aache kazi kuliko kunigusa. Nilimwambia mama mkwe ukweli, kwamba nikiendelea kukosa nitakufa, na Nyangi atabaki wa kuhadithiwa mama. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akaingia ndani.

Alitoka na blanketi lake. Lilikuwa blanketi zito la rangi ya damu ya mzee, ambalo marehemu alimletea kutoka upande wa Kenya, na ambalo hakulitumia ila kwa wageni wa heshima. Akalitandaza uani, akalipima kwa jicho, akaniambia nisimame. Nikasimama. Akaweka kidole mahali kwenye blanketi, akachukua kisu cha kukatia nyama, akakata tundu la ukubwa wa kisosi.

"Mama!" nilishtuka.

"Mwita nimemjua tangu hajaota ndevu," alisema. "Si mtu mbaya. Hana tu pa kuelekeza macho."

Kesho yake asubuhi alitangulia zahanati peke yake. Sijui walizungumza nini. Nilipofika, blanketi lilikuwa limetundikwa kwa misumari kwenye mlango wa chumba cha dawa. Mzee Mwita alikuwa upande wa ndani. Mama mkwe alinishika bega, akanisogeza hadi ngozi yangu ikakaa sawasawa na tundu, akatangaza, "Yuko mgonjwa hapa."

"Mgonjwa gani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Mgonjwa tu."

"Haya. Mwambieni mgonjwa alegeze mguu."

"Mgonjwa, legeza mguu," mama mkwe akanipasha, kana kwamba sikuwa na masikio.

Nikalegeza. Mkono ule ulikuwa mwepesi kuliko mikono yote iliyowahi kunichoma hospitalini. Sindano ya ishirini na mbili. Midomo ikafa ganzi, nyenje wakalia masikioni, na mimi nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Ndani sauti ikasema, "Mwambieni mgonjwa asisimame haraka, atapata kizunguzungu." Nikaambiwa. Nikakaa chini kwenye sakafu ya saruji, nikahisi raha ambayo sijawahi kuihisi kwenye kiti chochote cha ofisini.

Tangu hapo sikukosa hata siku moja. Mvua ikinyesha, mama mkwe alinifunika jani la mgomba tukaenda hivyo hivyo. Shemeji Chacha alinuna hadi sindano ya thelathini, kisha asubuhi moja nikakuta ameniwekea kibuyu cha maziwa mgando mlangoni, bila neno. Nikayanywa yote.

Sindano ya thelathini na tano, au karibu na hapo, nilimkuta mwanamke mwingine kwenye foleni ya blanketi. Aliitwa Bhoke, mke wa kijana wa jirani, ana kikohozi kikavu na macho makubwa. Nyumba yao ungeweza kuiona kutoka mlangoni pa zahanati. Nilimkumbuka, kwa sababu miezi michache nyuma nilimhoji. Alikuwa ameanza sindano akaacha baada ya siku mbili. Kwa kuwa hakukaa mbali, na dawa ilisemekana ilikuwapo, nilimwekea alama kwenye uzembe.

"Mkwe?" nilimuuliza, nikionyesha blanketi kwa kidevu.

"Mkwe," akajibu. Tukaangua kicheko mpaka sauti ya ndani ikaomba wagonjwa watulie.

Baada ya Bhoke wakaja wengine. Wengine walikuwa wakitembea saa mbili kwenda kwenye ile zahanati ya mbali niliyoshindwa kuifikia, wakichomwa na mtu asiye mkwe wao. Wengine hawakuwa wakienda popote. Usiku wa siku ile nilipoona foleni ya wanawake watano, nililifungua daftari langu nikalitazama kwa aibu. Sikufuta kitu. Niliandika swali jipya pembeni: anayekuchoma sindano ni nani kwako?

Sindano ya sitini ilichomwa mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Zikafuata dawa za kumeza, vidonge vikubwa vya kila siku, ambavyo vilinitoa vipele mgongoni na kuufanya ugali uwe na ladha ya msumari. Vumilia vidonge. Wengi wanaacha hapo kwa sababu wamekwisha kupata nguvu, na nguvu hiyo inadanganya. Mahindi yalivunwa, yakapukuchuliwa, ulezi ukaanikwa. Kanga ikarudi kunizunguka mara moja na nusu. Masikio hayakupona vizuri, hadi leo nyenje mmoja au wawili wamebaki, lakini nimewazoea.

Daktari mwenye miwani alisoma majibu ya makohozi mara mbili, akasema ni safi. Nilipanda lori la chama cha ushirika kurudi, nimekaa juu ya magunia. Mama mkwe alikuwa uani na Nyangi. Safari hii hakumsimamisha mbali. Alimbeba akaja akaniwekea kifuani. Mtoto alinikagua uso, akavuta sikio langu, akaanza kulia akimtaka bibi yake. Nilikipokea kile kilio chote. Ilichukua siku nne kabla hajakubali kulala nami, na usiku wa tano alinipiga teke hadi asubuhi, na sikulala, na sikutaka kulala.

Niliporudi chuoni, rasimu yangu ya kwanza niliitupa. Kwenye semina wenzangu waliniuliza blanketi linaingia wapi kwenye mlinganyo. Niliwajibu kwamba kama mlinganyo hauna nafasi ya blanketi, basi una kasoro, na nikakaa chini. Mkuu wa idara hakupendezwa, ila hakulifuta swali langu. Mwaka uliofuata nikarudi Tarime na dodoso jipya, na safari hii lilikuwa na sehemu ya kuwahoji waganga pia.

Ndivyo nilivyolazimika kumhoji Mzee Mwita. Tulikaa nje ya zahanati, yeye kwenye kigoda amenipa mgongo, mimi kwenye ngazi, na mama mkwe katikati, akipokea maswali na kurudisha majibu. Tulikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye swali lile. Mama mkwe akamuuliza, "Wagonjwa unaowachoma ni nani kwako?"

Mzee Mwita alianza kutaja majina ya wanawake, moja baada ya jingine, taratibu. Nilidhani ananipa orodha ya wagonjwa wake, nikawa naandika. Alipofika jina la sita mama mkwe alishika mdomo, ndipo nikaelewa kwamba anataja waliokufa.

"Wote niliwaambia dawa hakuna," alisema. "Wakaitikia, wakaenda nyumbani. Mwambieni mgonjwa aandike hivyo huko Dar, asinifiche. Yeye alinipigia kelele. Hao walikuwa na adabu."

Niliandika kama alivyosema. Nilipomaliza, aliuliza, bado amegeukia upande wa migomba, "Na mgonjwa mwenyewe, kifua kinaendeleaje?"

Mama mkwe alifungua mdomo aniulize. Sikumngoja.

"Nimepona, tata," nilimjibu mwenyewe, nikimwita baba kwa Kikurya.

Hakugeuka. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akatoa leso kwenye mfuko wa koti, akajifuta uso, kisha akaingia ndani kwa sababu kulikuwa na watu wanamngoja.